Nimsomee Baba Barabara Mpaka Lini?

Mpendwa mshauri, Shangazi yetu wa kila Alhamisi, nakuandikia nikiwa nimejifungia kwenye chumba changu cha cherehani, sare za shule za watoto wa watu zimenizunguka zinasubiri vifungo, na nakuomba uninusuru kabla shule hazijafungwa, kwa sababu zikifungwa tu familia yetu yote itapakiwa kwenye gari moja na baba yangu atashika usukani, na ni mimi peke yangu ninayejua kwamba baba yangu haoni.

Nikueleze tangu mwanzo usije ukadhani nimerukwa na akili. Baba alikuwa dereva wa mabasi ya masafa marefu tangu ujana wake mpaka alipostaafu, hapa mtaani mpaka leo wanamwita Mzee Gia, na mama alikuwa kondakta wake, ndivyo walivyojuana, baba kwenye usukani na mama ananing'inia mlangoni anamwambia nyuma kweupe, kushoto pikipiki, haya twende, na walipooana mama aliacha basi lakini ukondakta haukumtoka, kwa hiyo kila tuliposafiri na gari la nyumbani alikaa mbele akawa anamsomea baba barabara, kona ya kulia, lori hilo, tuta, mteremko, kuna mtu na baiskeli, na sisi watoto nyuma tukimwitikia "Twende!" kama abiria, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Kaka yangu alikuwa akisema mama atastaafu siku gari litakapoota mbawa. Kwetu huo ulikuwa utani wa nyumbani na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini dereva wa miaka yote hiyo anahitaji kuambiwa kwamba mbele kuna lori.

Kila shule zikifungwa tunakwenda kwa mama mdogo kwa barabara ya pwani. Kaka ndiye hututoa mjini, maana baba husema mjini pana fujo za vijana, na inapoanza barabara ya pwani wanabadilishana viti. Kama hujawahi kuipita barabara hiyo ni vigumu kukueleza, upande mmoja ni mwamba umechongwa wima na mvua ikinyesha unamwaga mawe njiani, upande wa pili ni bahari, lakini iko chini kabisa, unaisikia inapiga miamba kabla hujaiona, na kingo za chuma zilizowekwa zamani zimeliwa na chumvi, mahali pengine zimebaki nguzo na mahali pengine hata nguzo hakuna. Kona zake tumezipa majina yetu wenyewe, kuna Shingo ambako magari mawili hayapishani mpaka moja lirudi nyuma, kuna Kisigino ambako njia inajikunja ghafla kuelekea mlimani, kuna Kona ya Chai ambako tunasimama kwenye kiwanja cha kokoto na kunywa chai ya chupa na mkate na mayai ya kuchemsha huku watoto wakikatazwa kusogelea ukingo. Ni pazuri mno, Shangazi, sitakudanganya, na tangu utotoni hakuna siku tuliyoipenda kama hiyo.

Mama alifariki mwanzoni mwa mwaka huu kwa ugonjwa wa mapafu. Shule zilipofungwa tukadhani baba hatataka safari, kumbe yeye ndiye aliyetuhimiza, akasema nguo za mama zipelekwe kwa mdogo wake kwa njia ileile, na tulipofika pale pa kubadilishana viti akanifungulia mlango wa mbele akaniambia, "Wewe kaa kwa mama yako." Nikakaa. Tulipoondoka akaniambia taratibu, "Nisomee barabara, mwanangu." Mimi nikajua ni majonzi, nikasema masikini baba yangu anamkumbuka mkewe, nikaanza kusoma machozi yananitiririka, kona ya kushoto baba, lori baba, kuna mawe upande wa mlima, na nyuma kaka na wifi na watoto wote wakaanza kuitikia kama zamani, tunalia na kucheka kwa pamoja, nikasema moyoni, familia yetu bado ipo.

Tulipokaribia Kisigino jua lilikuwa limetupiga usoni, na mimi nikaitazama bahari nikakumbuka mama alivyokuwa akitoa mkono dirishani mahali pale, kilio kikanikaba, nikanyamaza. Nilinyamaza kidogo tu. Gari halikupinda. Njia ilikata kulia na sisi tukaenda mbele, baba ametulia, mikono imelegea kwenye usukani kama mtu anayesubiri neno, na nilipoona mbele yetu hakuna barabara tena ila anga, nikaudaka usukani kwa mikono miwili nikauzungusha, gurudumu la upande wangu likatoka kwenye lami likakwangua kokoto, nikayasikia mawe yakiporomoka, nikayasikia kwa muda, kisha gari likarudi njiani likasimama mshazari. Watoto walikuwa wanapiga mayowe. Baba akasema kwa sauti yake ya kawaida kabisa, "Mbuzi. Nilikuwa namkwepa mbuzi." Hapakuwa na mbuzi, Shangazi. Kaka, ambaye kule nyuma hakuiona mikono yangu kwenye usukani, akapiga makofi akasema, "Mnamwona Mzee Gia? Dereva mwingine saa hizi tungekuwa chakula cha samaki!" na wifi akamshukuru Mungu kwa kumjalia mkwe mwenye macho makali.

Kona ya Chai baba alinishika mkono tukasogea kando kana kwamba ananionyesha mawimbi. Nilidhani anataka kuniomba radhi. Akaniambia, "Mama yako hakuwahi kunyamaza."

Nikamuuliza, "Baba, huoni?"

"Naona," akasema. "Naona katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Jua likiingia, na hilo tundu linaziba. Pembeni alikuwa ananionea mama yako."

"Tangu lini?"

"Tangu wewe ungali kwa mumeo. Sasa kunywa chai, turudi garini, na usinifanyie tena vile."

Nilisoma barabara ile mpaka kwa mama mdogo, na wakati wa kurudi nikaisoma tena, kila kona, kila shimo, kila kivuli, mpaka sauti ikanikauka, na wenzangu nyuma walilala usingizi mzito. Nimekuwa naishi na baba na binti yangu tangu ndoa yangu ivunjike, na sasa ndiyo naona yale niliyokuwa nayaangalia tu, kwamba akimimina chai huchovya ncha ya kidole kwenye kikombe ajue kimejaa, kwamba mama alikuwa mkali kama pilipili ukisogeza kigoda mahali pake, kwamba baba hajawahi kumsalimia mtu aliyekaa pembeni mpaka huyo mtu aongee kwanza, na sisi tulisema mzee ana maringo.

Kuna jambo moja linaninyima usingizi kuliko yote. Safari ya mwisho ya mama alikuwa tayari anakohoa, daktari alishamwambia apumzike, akakataa katakata, akaenda, na sauti ilipomwishia akawa anagonga dashibodi kwa vifundo vya vidole, pigo moja kushoto, mapigo mawili kulia, na sisi tukacheka tukasema leo kondakta amepoteza filimbi. Alipolazwa, siku zake za mwisho alikuwa akigonga chuma cha kitanda, moja, mbili, moja, na muuguzi akadhani anaomba maji, akamletea maji, na mimi nikadhani ni homa. Nilimshika mkono ili asijiumize. Nilimzuia kugonga, Shangazi, nilidhani namsaidia.

Sasa kaka, ambaye ana duka la matairi na mambo yake yamemnyookea, amepata gari kubwa la kutubeba sote, matairi mapya, kila kitu kipya, na amewatangazia mpaka wateja wake kwamba atakayeendesha ni baba na si mwingine, eti ni heshima ya mzee. Baba amefurahi mpaka amepiga pasi shati lake la zamani la kazini. Nilipomwambia faraghani kwamba mimi siendi na yeye asiende, alinijibu, "Ukisema, umenizika kando ya mama yako. Mimi bila usukani ni nani? Mzee wa kukalishwa barazani apigwe na jua?" Na juzi nimemkuta uani na binti yangu, mtoto wa darasa la pili, wamekaa kwenye viti viwili wamevipanga kama garini, mtoto anasoma, "Kona ya kulia babu, lori babu," na babu yake anamwambia, "Vizuri sana, mama akichoka utakaa wewe."

Basi nishauri. Nikikaa mbele nimsomee, labda tutafika salama kama tulivyofika miaka yote. Nikibaki nyumbani, kiti cha mbele atakaa wifi, ambaye gari likiwashwa tu yeye huyo kalala, au atakaa mwanangu. Nikisema, kaka hataniamini, atasema namwonea baba wivu wa gari, na baba atakufa kwa fedheha, na mama ambaye alificha miaka yote hiyo nitakuwa nimemsaliti kaburini. Usiku na mchana nafikiria mpaka sindano inanichoma kidole. Ningeona ni afadhali gari lenyewe liharibike tu pale uani, lakini ni jipya.

Ni mimi, Wa Kiti cha Mbele.

*

Wa Kiti cha Mbele,

Pole sana kwa kuondokewa na mama. Pole nimekupa, na nimekupa kwa moyo, kwa sababu nilipofika pale pa kitanda cha hospitali niliiweka barua yako chini nikaenda kusimama dirishani. Sasa nimerudi, na nina maneno makali, kwa hiyo kaa vizuri.

Umenipangia njia tatu kama mtu anayechagua kitambaa dukani: ukae mbele, ubaki nyumbani, au useme. Mbili kati ya hizo ni mauti, mwanangu. Unajua hivyo. Uliyasikia mawe.

Unasema mkikaa vilevile mtafika salama kama miaka yote. Hamkuwa salama miaka yote. Mlikuwa na bahati, na bahati yenyewe ilikuwa ni mwanamke mmoja mwenye mapafu mabovu. Amekwisha. Wewe ukipiga chafya kwenye Kisigino, hapo ndipo ukoo wenu utakapoishia, na mwenye duka la matairi atakuwa nyuma anapiga makofi.

Na kuna watu ambao katika barua ndefu hivyo hukuwataja ila kwa kupita. Yule mtu na baiskeli. Dereva wa lori. Hao nao wana watoto wanaowasubiri nyumbani, na hakuna mtu aliyekaa kando yao kuwasomea kwamba gari linalokuja linaendeshwa na mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Ulipokuwa unamsomea baba njia nzima ya kurudi, wakati wenzako wamelala, ulidhani unawaokoa. Mpaka Kisigino ulikuwa hujui, nakuondolea lawama. Ya kurudi ulijua, na ukapanda.

Baba yako amenikasirisha, sifichi. Amekaribia kuwatumbukiza baharini, kisha anakushika mkono na kukulaumu wewe kwa kulia. Wewe uliyefiwa na mama! Na sasa anamfundisha kazi hiyo mtoto wa darasa la pili. Lakini nikimtazama vizuri namwona mzee anayeogopa kiti cha barazani kuliko anavyoogopa bahari, na mtu wa hivyo hatukanwi. Ananyang'anywa funguo, kwa adabu, mchana kweupe.

Anakwambia ukisema umemzika. Wazee wa hivyo hawafi. Hukasirika, hususa chakula, hugeukia ukuta, huwaambia majirani ana watoto wasio na shukrani. Kisha siku moja huuliza chai iko wapi. Utavumilia. Ukishindwa kuvumilia kununiwa na baba yako, utaweza kuvumilia nini kule Kisigino?

Kuhusu mama yako, nitasema taratibu. Alimpenda mumewe kuliko pumzi yake mwenyewe, sina ubishi na hilo. Lakini aliwapanga watoto wake kiti cha nyuma, halafu wajukuu zake, akawafundisha kuitikia "Twende!" Msimchukie, wala msimpambe. Hukumsaliti kwa kumshika mkono pale kitandani. Ulimpumzisha, na hakuna mwingine aliyewahi kumpumzisha. Ninachokukataza ni kuipokea zamu yake, maana aliifanya mpaka ikamuua, na baba yako ameshamchagua wa kuipokea kutoka kwako, naye bado anajifunza kuandika.

Sasa fanya hivi. Leo hii chukua funguo za kila gari linaloweza kushikwa na mkono wa baba yako, ziweke mahali unapopajua wewe. Usimwendee kaka yako kwa mlango wa nyuma. Nenda kwanza kwa baba, simama mbele yake kabisa, pale anapoweza kukuona, umwambie, "Baba, nakwenda kumwambia kaka." Akikukemea, mwitikie "Ndiyo, baba," na uende.

Kaka yako hatakuamini, hapo umesema kweli. Usibishane naye wala usilie. Mwambie aje nyumbani, asimame kando ya baba, ubavuni, asitoe sauti, kisha amnyooshee mkono wa salamu. Basi. Mkono utabaki hewani. Hutahitaji kuongeza neno, naye huenda akahitaji kukalishwa chini, kwa hiyo kile kigoda kiwe karibu.

Baada ya hapo baba aende kwa daktari wa macho, hospitali, si kwa muuza matone wa sokoni. Aliyokwisha kuyapoteza huenda yasirudi, lakini tundu lililobaki pengine linaweza kulindwa lisizibe. Na wewe na kaka yako mkapimwe pia, kwa sababu magonjwa mengine ya macho hutembea katika damu, na nyinyi mmeshazoea kutoulizana. Ule mchezo wa viti viwili uani ukomeshe leo, ila usimwambie mtoto alikosea, kwa maana hakukosea.

Safari mnaweza kwenda. Kaka yako aendeshe tangu mlangoni kwenu mpaka kwa mama mdogo, na kiti cha mbele akae baba. Barabara hiyo anaijua bila macho, na hilo tumeshalithibitisha vya kutosha. Awasomee yeye. Awaambie Shingo inakuja, punguza, Kisigino, kata kulia. Akikataa, abaki na mtu wa kumpikia, na nyinyi muende au msiende, lakini usukani asiuguse. Kama hata baada ya ule mkono kaka yako atasema ni heshima ya mzee, wateremshe watoto wote garini kwa mikono yako na uende kituo cha polisi. Usinitazame hivyo. Nimesema polisi na namaanisha.

Mama yako aliisoma kila kona ya barabara ile kwa sauti, na sauti ilipomwishia akaigonga kwa vidole. Neno moja tu lilimshinda, nalo lilikuwa la kusemwa nyumbani, sebuleni, gari limezimwa. Amekuachia.

Pale Kisigino ulinyamaza kidogo tu, na unajua gari lilikokuwa linaelekea. Tangu siku ile umenyamaza tena, mbele ya kaka yako, mbele ya wifi yako, mbele ya watoto ambao sasa hivi wanagombania nani atakaa dirishani. Vifungo vya watu vitasubiri. Funga cherehani, kaka yako yuko dukani saa hizi. Nenda kamsomee barabara.